Magunia Manne ya Baba

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimefika nyumbani jioni, mvua ikiwa imenitangulia. Kutoka Kapkatet kuja hapa kwetu barabara ni tope tupu, na mwenye pikipiki alinishusha mara mbili ili aisukume. Mama alitoka hadi kwenye lango akalichukua sanduku langu la kazi kabla hata ya kunisalimia, kwa sababu aliona nimelikumbatia kama mtoto.

Sijalala hapa tangu tulipomzika Baba mwezi wa nane. Nyumba ni ileile, ila imekuwa kimya. Zamani ukiingia saa hizi ungesikia redio inasoma habari, na Baba anaijibu kwa sauti kubwa kuliko redio yenyewe. Sasa ni mvua tu juu ya mabati.

Nitakaa hadi Desemba. Maabara yetu ya chuo imetengeneza kitambuzi cha sumukuvu, ile sumu inayoachwa na kuvu kwenye mahindi, na sasa kinatakiwa kijaribiwe huku watu waliko, kwenye tope na umeme wa kupotea. Walinichagua kwa sababu naijua Bureti na naongea Kipsigis. Mwenzangu ni Phelix, fundi wa maabara, ambaye amepanga chumba Kapkatet.

Tukila, Mama aliuliza, "Hiyo sanduku iko na nini?"

"Mashine ya kuangalia mahindi, Mama."

"Mahindi huangaliwa na macho," akasema, akaniongezea mursik, maziwa yetu ya kuchacha, kwenye kikombe.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mvua. Hatukutoka.

Jumanne, 10 Oktoba

Leo tulikutana na wakulima kwenye ukumbi wa kanisa, Kapkatet. Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri sana, na baada ya dakika chache nikaona akina mama wanaanza kutazama dirisha kama mvua imekatika. Nikaacha karatasi.

Nikawauliza: jioni mkifungulia ndama, na ng'ombe ni wengi zizini, ndama huenda kwa nani? Wakacheka. Kwa mama yake, wakasema. Na akikosea? Atapigwa teke. Nikawaambia basi, mashine hii ni hivyo. Ndani yake kuna kipande kidogo cha dhahabu, chembamba kuliko ukucha, na juu ya dhahabu tumepandikiza kingamwili, vitu ambavyo mwili hutengeneza ili kukamata kitu kimoja tu kinachouvamia. Hizi zetu zinaijua sumukuvu peke yake. Tukisaga mahindi, tukayatikisa kwenye dawa, tukachuja na kudondosha tone, humo ndani mna wanga, mafuta, vumbi na kila kitu. Kingamwili haishiki kingine. Inangoja yake. Ikiipata inaing'ang'ania, na umeme mdogo unaopita juu ya dhahabu unabadilika. Simu inasoma hayo mabadiliko na kutoa namba.

Mzee mmoja mwenye kisukari akauliza kama ni sawa na mashine yake ya kupima damu. Nikamwambia ni ndugu, lakini si pacha. Yake ina kimeng'enya kinachokula sukari, halafu inapima makombo ya huo mlo. Yetu haili. Inashika tu.

"Na sisi wa mimba je?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma, ukumbi ukavunjika kwa kicheko.

Lakini aliuliza la maana. Kile kijiti cha mimba ni jamaa ya hii kabisa. Na kile cha malaria, na cha ukimwi. Kuna vya kukamata dawa iliyobaki kwenye maziwa ng'ombe akidungwa sindano, vya kukamata dawa ya wadudu kwenye majani chai kabla hayajasafirishwa, hata vya kukamata kitu kinachomwagika kwenye damu moyo ukiumia. Kinachobadilika ni kingamwili tu. Unachagua ni nani anamtafuta nani.

Phelix alinisindikiza kwa miguu kurudi, akaniambia alizaliwa huku, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Baba yake, mzee Omollo, alikuwa kwenye kiwanda, chumba cha kukausha. "Akirudi nyumbani alikuwa ananukia majani yakiiva," akasema. "Tulikuwa tunagombania koti lake, sisi watoto, ili tulale nalo." Wiki iliyopita alienda kuiona ile kambi. Mashine zimechukua kazi ya kuchuma na nyumba nyingi zimefungwa. Alisimama nje ya mlango wao akashindwa kukumbuka ulikuwa wa rangi gani.

Jumapili, 15 Oktoba

Baada ya kanisa tulipukuchua mahindi, yale ya shamba la juu ambayo Mama na ndugu yangu Kimutai walivuna baada ya mazishi. Tulikaa barazani, miguu kwenye turubai, mvua ikinyesha mbele yetu kama pazia.

Nikakumbuka tulivyokuwa. Baba alikuwa anatupanga kwa umri, mimi karibu naye, Kimutai mwishoni kwa sababu alikuwa anatupa punje ovyo kwa kuku. Halafu Baba anachukua punje moja, anaiweka kwenye gego, anafunga macho na kuing'ata. Sisi wote tunanyamaza. Ikilia "kak", anasema, "Imekauka." Isipolia anaitema, na yote yanarudi juani. Nilidhani wazee wote duniani wana jino kama hilo.

Joan, mke wa Kimutai, alikuwa anamlisha mtoto wao uji. Mtoto anaitwa Kipkoech, ana miezi minane na mashavu ya kushikika. Mama ndiye anayesaga unga wake. Niligundua leo kwamba hausagi kwenye haya tunayopukuchua. Ndani ya stoo, juu ya ubao, kuna magunia manne aliyovuna Baba mwenyewe mwisho wa Julai, shamba la chini, wiki chache kabla hajafa. Hayo hayaguswi, isipokuwa yeye na mtoto wanakula kidogo kidogo.

"Huyu hakumjua babu yake," Mama aliniambia, akikwangua sufuria. "Basi angalau ale kwa mkono wake."

Niliinama nikapukuchua.

Jumatano, 18 Oktoba

Nyumba tano leo, upande wa Sosiot. Kimutai alishinda Kapkatet na amerudi bila kusema alichofanya huko. Majani ya chai yetu yamepita umri kwenye mistari ya chini na hakuna aliyeyachuma. Baba angeona hivyo asingekula.

Ijumaa, 20 Oktoba

Siku ya Mashujaa, kwa hiyo hakuna kazi ya nje. Nilitaka kupima tu ili nisawazishe kipande kipya cha dhahabu, na kwa hilo nilihitaji mahindi ambayo nina hakika ni safi. Nikafikiria nani nchini alikausha mahindi vizuri kuliko Baba. Nikapanda kwenye ubao, nikachota mkebe mmoja kutoka kila gunia, nikachanganya.

Kiwango kinachokubaliwa ni kumi. Simu ilionyesha sitini na saba.

Nikadhani nimechafua kikombe. Nikaosha, nikasaga mengine. Sitini na mbili. Nikachukua yale ya shamba la juu, yaliyopukuchuliwa Jumapili: mbili. Nikarudia ya Baba, kila gunia peke yake. Matatu yalipita hamsini. La nne lilikuwa thelathini.

Nje watoto wa jirani walikuwa wanaimba nyimbo za sherehe wakitoka uwanjani. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye chumba nilichokulia, nikaichukia ile mashine. Miaka mitatu ya maisha yangu imo ndani yake.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nilimpelekea Phelix sampuli bila kumwambia ya nani. Akatumia vijiti, ile njia ya zamani. Mstari mmoja tu ulitokea.

Nimefunga pakiti nyingine kwenda maabara kuu Nairobi, kwa mtambo mkubwa. Mpaka majibu yarudi, sijui kitu. Ndivyo tunavyofundishwa kusema.

Lakini mtoto anakula leo na kesho. Nilimwita Joan nyuma ya jikoni nikamwonyesha kijiti.

"Mstari mmoja si ni afadhali?" akauliza. "Mimi nilipoona mbili ndio nilipata Kipkoech."

"Hii imegeuzwa. Sumu ikiwepo, inaziba zile kingamwili, kwa hiyo hazifiki kushika mstari wa pili. Ukikosa mstari, ndio shida."

Alishika mdomo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na Mama nitamwambia nini?"

"Usimwambie. Nunua unga wa ulezi, useme mtoto ameukataa huu."

"Aki Cheptoo. Ile unga Mama anasaga akiimba."

Jumanne, 24 Oktoba

Nimegombana na Kimutai. Nilimkuta anakamua, nikamwambia hapohapo, nikiwa nimesimama juu yake: Baba alikuwa mzee, wewe ulikuwa hapa, ulikuwa wapi mahindi yakiingia stoo na unyevu? Kazi yako ilikuwa nini?

Hakusimamisha mikono. Maziwa yaliendelea kulia kwenye ndoo. Alipomaliza alinyanyuka, akapita kando yangu, akasema, "Wewe ulikuja ukaondoka, Cheptoo."

Ijumaa, 27 Oktoba

Mvua ya mawe, saa tisa. Chai yote imechanika, shamba limebaki kama limekanyagwa. Mama alisimama mlangoni akitazama, mikono kifuani. Akasema, "Itachipuka. Chai huchipuka," akarudi jikoni.

Jumanne, 31 Oktoba

Majibu yamekuja asubuhi. Mtambo mkubwa umesema sitini na nne. Mashine yetu ni nzuri. Phelix alinipigia simu akishangilia, kwa maana ndiyo kazi iliyotuleta, nikakata simu.

Jioni nilimkuta Mama anachambua mboga za managu. Nikakaa karibu naye, nikaanza kuchambua pia.

"Mama, yale mahindi ya Baba yana sumu."

"Ya nani?"

"Ya yale magunia manne."

"Ulichukua lini?"

"Siku ya Mashujaa."

"Bila kuniuliza."

"Bila kukuuliza. Samahani, Mama."

Aliendelea na mboga. Alikuwa anatupa majani mazuri pamoja na mabaya.

"Nimekula hayo mahindi tangu mwezi wa tisa," akasema. "Je, nimeanguka? Nimelala kitandani?"

"Haiangushi mtu siku moja. Inakaa kwenye ini, polepole, miaka. Na mtoto mdogo inamzuia kukua. Kuipika haisaidii, hata uchemshe siku nzima."

"Kwa hiyo ndio maana Joan anajifanya mtoto anapenda ulezi."

Niliweka majani mawili kwenye ungo.

"Baba yako alishinda shamba la chini peke yake wiki mbili," akasema. "Akabeba mwenyewe. Akafunga magunia mwenyewe, kwa kamba alizosokota mwenyewe. Sasa wewe unakuja na simu, unaniambia mzee alituwekea sumu."

"Sijasema ni yeye..."

"Ni nini umesema sasa?"

Akasimama na ungo. Mlangoni akageuka, akamtaja Baba kwa jina lake. "Hiyo mashine yako ilimjua Isaiah?"

Alhamisi, 2 Novemba

Mama hasemi nami. Chai ananiwekea, lakini anaiweka mezani na kutoka.

Jumapili, 5 Novemba

Sikuenda kanisani. Kimutai naye hakuenda. Alikuja akakaa kwenye ngazi ya stoo, nami nilikuwa ndani nikitazama yale magunia kama mgonjwa asiyejibu.

"Nikuambie kitu," akasema bila kunitazama. "Usinikatize."

Akaniambia. Tangu mwezi wa tano Baba alikuwa anatetemeka mikono. Akipanda mlima wa shamba la chini alikuwa anasimama mara nyingi, anajifanya anatazama chai ya watu. Hospitalini walisema ni moyo. Alimwapisha Kimutai asimwambie mtu, hasa mimi. "Alisema ukijua utaacha kazi urudi. Alikuwa anajua siku utamaliza hiyo mashine kuliko vile anajua siku ya kuzaliwa kwake."

Mwisho wa Julai akatangaza anavuna. Mahindi hayakuwa tayari na mvua ilikuwa kila jioni. Kimutai alimwomba wangoje. Akakataa. Akamwomba amsaidie. Akamfukuza kwa fimbo, mbele ya watu. Siku moja Kimutai aliyatandaza tena juani kwa siri, Baba akiwa amelala mchana. Baba alipoamka akayaona, alikaa chini kwenye turubai akalia kama mtoto.

"Halafu akachukua punje moja," Kimutai akasema. "Akaing'ata. Mimi sikusikia kitu. Na yeye alikuwa ameacha kusikia vizuri, unajua. Akaniuliza, 'Imelia?'"

Mvua ilikuwa imeanza tena.

"Nikamwambia imelia."

Nilishuka nikakaa naye kwenye ngazi. Ndugu yangu ana miaka ishirini na tisa na mikono yake imepasuka kwa kuchuma majani. Nilikuwa sijaitazama. Kule Kapkatet anakoshinda, nilikuja kujua, ni kwa fundi anayemfundisha kushona viatu, ili asimwombe Mama kitu.

"Ningekuwa mimi," nikamwambia, "ningesema imelia."

Alhamisi, 9 Novemba

Leo ilikuwa siku ya watu wote kuleta mahindi yao ukumbini. Walijaa. Phelix alikaa mezani mbele, mimi nilikuwa kwenye kile chumba kidogo cha nyuma nikisaga na kuchuja, na kati yetu kulikuwa na pazia.

Karibu saa sita nilisikia sauti ninayoijua. Nikachungulia. Mama alikuwa mbele ya meza, amevaa kitambaa cha kanisani, na mbele yake mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia, sasa ina mahindi, kila mmoja umefungwa uzi wa rangi yake. Phelix alikuwa hajawahi kumwona. Nilitaka kutoka, nikajizuia.

"Chamge, mama. Jina?" Phelix akauliza.

"Andika Kogo," akasema, neno letu la bibi mwenye wajukuu.

"Kogo nani?"

"Kogo tu. Wewe pima."

Nilisaga yale mahindi yalipofika kwangu kama ya mtu mwingine yeyote, nikayapitisha kwenye pazia. Phelix akadondosha, akangoja, akasoma.

"Hii ya uzi wa kijani iko sawa. Nyeupe pia iko sawa. Lakini hii nyekundu, mama, usile. Wala usimpe ng'ombe."

"Rudia."

Akarudia. Ikawa hivyohivyo.

"Sasa angalia ukuta," Mama akasema.

"Niangalie ukuta?"

"Geuka, kijana wangu. Hata mimi ni mtu mzima, siwezi kukuibia."

Watu wakaanza kucheka. Phelix akageuka kweli, akasimama akitazama kalenda ya kanisa, na nyuma yake Mama akafungua nyuzi zote tatu, akazibadilisha mikebe, akazifunga upya bila haraka. Akamwambia ageuke. Mikebe ikaja tena kwangu. Nikasaga. Safari hii hata mimi sikujua ni gani, na niligundua kwamba naomba mashine ikosee. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, mimi niliyeitengeneza.

Phelix alisoma namba kwa muda mrefu. "Sasa ni hii nyeupe," akasema. "Mama, umebadilisha nyuzi. Mahindi ni yaleyale."

Mama alichukua ule mkebe akaushika kwa mikono miwili.

"Ni mahindi ya nani haya, mama?" Phelix akamuuliza kwa upole.

"Ya mtu aliyekuwa mgonjwa," akasema. "Alidhani sijui."

Akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma, na mpaka tulipofunga alikuwa amekaa pale. Nilipotoka hakushangaa kuniona. Tulitembea kwenda nyumbani pamoja chini ya mwavuli mmoja. Tulipofika langoni akasema, "Mwambie Kimutai achimbe."

Jumanne, 14 Novemba

Kimutai alichimba shimo nyuma ya banda la ng'ombe, mbali na mto, refu kuliko kimo chake. Phelix alikuja kusaidia, akiwa na aibu bado. Alipomwona Mama alianza kuomba msamaha, Mama akamwambia, "Wewe ulikuwa ukiangalia ukuta tu. Chukua jembe."

Tulitoa magunia. Nilitegemea yatanuka au yawe ya kijani. Hapana. Mahindi yalikuwa mazuri, punje nene, nyeupe kabisa, na hapa na pale moja iliyochakaa ambayo ungeitupa bila kufikiri. Hilo ndilo gumu. Jicho la Mama halikukosea. Hakukuwa na cha kuona.

Kimutai alitaka kumwaga. Mama akamzuia. Alifungua kamba moja moja, hakuzikata, na kila kamba aliiviringisha akaitia mfukoni mwa aproni. Kisha akainamisha gunia la kwanza. Yalishuka kwa ile sauti ambayo nimeisikia maisha yangu yote na kuiita mavuno.

Kabla ya la mwisho alisimama.

"Isaiah," akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anamwita aje ale. "Kazi yako tumeiona. Ulifanya. Sasa tunakusaidia kumaliza."

Akamwaga. Joan, mtoto mgongoni, alimwaga majivu na samadi juu ili kuku na watu wasishawishike. Kimutai alifukia akilia waziwazi, na Mama hakumwambia anyamaze. Mama mwenyewe alilia jikoni baadaye, peke yake, na nilimwacha, kwa sababu alikuwa amefunga mlango.

Jumatano, 15 Novemba

Nimepima maziwa. Mama alikuwa anampa ng'ombe pumba za unga ule. Mwili wa ng'ombe huibadilisha sumu kidogo na kuipitisha, kwa hiyo kwa maziwa tuna vijiti vyenye kingamwili nyingine. Mstari ulififia. Mama akamwaga mursik yote, kibuyu baada ya kibuyu, kwenye mtaro. Kuchacha hakuiondoi.

Jumamosi, 18 Novemba

Tulimpeleka Kipkoech kliniki. Muuguzi alisema amepungua kidogo chini ya mstari wa uzito kwenye kadi yake, si sana, na akila vizuri atarudi. Ini hawakuona tatizo. Turudi kila mwezi. Joan alimshika mtoto kwa nguvu hadi akalia.

Ijumaa, 24 Novemba

Mvua. Barabara ya Sosiot imekatika. Maziwa leo ni safi, mstari umekolea kabisa. Mama ameosha vibuyu na kuvipaka mkaa wa mti wa senetwet. Nyumba inanuka utoto wangu.

Jumapili, 3 Desemba

Akina mama watatu walikuja baada ya kanisa, si kwangu, kwa Mama. Wanataka awapeleke kwa yule kijana wa ukuta. Mama amewaambia walete kutoka kila gunia, juu, katikati na chini, kwa sababu sumu haikai mahali pamoja. Sijui alinisikia lini nikisema hivyo.

Jioni aliniambia mambo ya Baba ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba alipomchumbia alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Londiani, alikokuwa akikata miti msituni, akifika amejaa utomvu wa mvinje mikononi, na bibi yangu alikuwa anamkataza kugusa vikombe. Mama alicheka mpaka akafuta macho. "Alikuwa ananukia kama msumeno," akasema.

Ijumaa, 8 Desemba

Naondoka kesho asubuhi. Nimemaliza kuandika ripoti hapa mezani, Mama akiwa kando yangu anamlisha Kipkoech uji wa mahindi ya shamba la juu. Mtoto alikuwa ameshika kijiko upande wake, na Mama upande wake, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia.

"Umeandika nini hapo?" akaniuliza.

"Namba. Mahali tulipopima, tulichopata."

"Na ya kwetu imo?"

"Imo. Lakini hakuna jina, Mama. Ni sampuli tu."

Alifikiri. Kipkoech alitumia nafasi hiyo akachukua kijiko chote.

"Hakuna mahali pa kueleza kwa nini ilikuwa hivyo?"

"Kuna. Mstari mmoja, wa sababu."

"Basi usiandike kwamba Isaiah alishindwa kukausha mahindi," akasema. "Andika mvua ilikuwa nyingi."

Nilichukua kalamu. Mwezi wa saba, shamba la chini, kila jioni. Na ni kweli. Niliandika: mvua ilikuwa nyingi.